Picha za Kauboi, Mbili kwa Mbili: Mwongozo Kamili wa Kuzitazama na Kuzielewa

Kwa wengi wetu picha ya kauboi ni steringi, farasi, bastola na adui anayekufa dakika za mwisho. Ukizitazama kwa jicho hilo tu, ya tano itafanana na ya kwanza na utaziacha. Njia ninayokupa hapa ni kuzitazama mbili mbili, kwa sababu picha hizi zinajibizana. Mwongozaji mmoja anasema sheria ni hivi. Mwenzake anaiona kazi hiyo, inamuudhi, anatengeneza yake ya kumpinga. Chini ya ubishi huo mna maswali mawili: ardhi hii ni ya nani, na nani aliyempa huyu mwenye bastola haki ya kuamua? Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, maana utayajibu upya kila picha inapokwisha.

Picha za msingi ni kumi na mbili. Mbili kwa wiki zinatosha. Ukizimeza zote kwa mkupuo hutasikia zinavyosemezana.

Hatua ya kwanza: ijue miaka kabla ya kuwajua mashujaa

Chora mstari kwenye daftari na uandike miaka hii. Mwaka 1830 Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha Wenyeji, yaani wakazi wa asili wa nchi ile, wa kusini mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya mto Mississippi. Mwaka 1848 vita na Mexico viliisha, Marekani ikachukua California na eneo kubwa la kusini magharibi, na mwaka huohuo dhahabu ikaonekana California. Mwaka 1862 ilitoka sheria ya kumpa mlowezi ekari 160 akiishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Mwaka 1865 vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha na utumwa ukapigwa marufuku. Tarehe 10 Mei 1869 reli kutoka mashariki na reli kutoka magharibi zilikutana Promontory, Utah. Upande wa magharibi sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vibarua wa Kichina, ambao kwenye picha nyingi huwaoni kabisa. Mwaka 1890 wanajeshi waliwaua Walakota, kabila la Wenyeji, huko Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwemo, na sensa ya mwaka uleule ikatangaza kwamba mpaka wa walowezi haupo tena.

Kauboi mwenyewe yuko katikati ya mstari huo, na muda wake ulikuwa mfupi. Baada ya vita Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko. Ng'ombe aliyekuwa na thamani ya dola 4 kule aliweza kuuzwa kama dola 40 kaskazini, shida ikiwa ni kumfikisha. Reli ilipoingia Kansas, mji wa Abilene ukawa mnada kuanzia 1867, na vijana wakaajiriwa kuswaga makundi kwa miezi, kwa ujira wa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge yake. Seng'enge ilifunga njia za ng'ombe, reli zikaenda hadi Texas kwenyewe, na kazi ile ikafa ndani ya miaka kama ishirini. Anayefuatilia migogoro ya wakulima na wafugaji wa Kilosa ataelewa haraka kwa nini mwaka 1892 kule Johnson County, Wyoming, wenye makundi makubwa waliajiri watu wenye bunduki kwenda kuwaua walowezi wadogo. Picha iitwayo Shane (1953) imejengwa juu ya ugomvi wa namna hiyo.

Sasa tabia ya kujizoeza: kila picha inapoanza, tafuta mwaka na jimbo kabla ya dakika ya kumi. Kama haisemi, vitu vitakwambia. Nyaya za telegrafu zipo? Reli imefika? Kuna seng'enge? Wanajeshi wamevaa sare gani?

Na ondoa kabisa wazo kwamba kila mtu alitembea mjini na bastola kiunoni. Miji kama Dodge City na Tombstone ilikuwa na amri za kukataza kubeba silaha. Mapambano ya O.K. Corral, Tombstone, tarehe 26 Oktoba 1881, yalianza kwa jaribio la kuwanyang'anya watu silaha, yakachukua kama nusu dakika, na watu watatu wakafa. Wawili kusimama uso kwa uso barabarani kusubiri nani achomoe kwanza lilikuwa jambo adimu.

Hatua ya pili: chagua nakala sahihi

Wengi tumelelewa na picha zilizotafsiriwa na Lufufu upande wa Tanzania au DJ Afro kule Kenya. Kazi yao ni sanaa kamili na sitaki kuipunguzia heshima. Lakini kwa mpangilio huu, mara ya kwanza tazama nakala ya asili, kwa sababu katika picha hizi kimya kina kazi, na muziki nao una kazi. Sauti ya DJ ikijaa pale ambapo mwongozaji aliacha upepo peke yake, umekosa nusu ya picha. Rudi kwa DJ mara ya pili.

Washa subtaito hata kama Kiingereza unakijua. Lafudhi za Texas na Missouri hazimhurumii mtu. Kwenye televisheni, zima mpangilio wa kukuza picha ijae kioo. Picha za Waitaliano hasa zilipigwa kwa upana mkubwa, mtu mmoja pembeni kushoto na adui yake pembeni kulia, na ukikuza unamkata mmojawapo. Kagua pia urefu. The Good, the Bad and the Ugly (1966) ina toleo la Marekani la dakika 161 na la Italia lililo refu zaidi. Ukikuta nakala ya saa mbili kasoro, imekatwakatwa.

Watoto wadogo waishie picha za hadi 1960. Kuanzia miaka ya 1960 katikati damu inaongezeka sana.

Hatua ya tatu: dakika kumi na mbili za mwaka 1903

The Great Train Robbery ya Edwin S. Porter haina sauti, ina urefu wa kama dakika 12, na haki miliki yake imekwisha, kwa hiyo unaitazama bure mtandaoni bila kuvunja sheria. Ilipigwa New Jersey, mashariki kabisa. Kumbuka kwamba ilipotoka, Butch Cassidy, ambaye genge lake liliteka treni Wilcox, Wyoming, mwaka 1899, alikuwa hai na amejificha Argentina. Wyatt Earp, aliyepigana O.K. Corral, alifariki Los Angeles mwaka 1929, jirani kabisa na studio. Zamani hii ilianza kuigizwa kabla wenyewe hawajazikwa, na baadhi yao walikuwa na sababu nzuri za kutaka isimuliwe kwa namna fulani.

Hatua ya nne: bonde moja, mwongozaji mmoja, mwigizaji mmoja

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Tazama Stagecoach (1939), kisha The Searchers (1956). Zote ni za John Ford, steringi wa zote ni John Wayne, na zote zimepigwa Monument Valley, kwenye ardhi ya taifa la Wanavajo, mpakani mwa Arizona na Utah. Kati yao ni miaka 17.

Katika Stagecoach, abiria wanasafiri kwa gari la farasi kwenda Lordsburg huku Waapache wakiwa njiani. Usikimbilie mapigano. Tazama kwa makini wanapokaa mezani kula: Dallas, mwanamke aliyefukuzwa mjini na akina mama waheshimiwa, anakaa, na wenye hadhi wanahama upande wa pili. Humo garini mna pia mwenye benki anayehubiri uadilifu huku ameiba fedha. Ford anatuambia kwamba jamii yenye heshima imeoza na utu umebaki kwa waliotupwa. Ni picha ya huruma kubwa. Sasa fanya zoezi: andika kila mara Mwapache anapopewa nafasi ya kueleza anachotaka. Huruma ya Ford mwaka 1939 iliishia kwenye mlango wa gari.

The Searchers inaanza Texas mwaka 1868. Ethan Edwards amerudi kutoka vitani akiwa upande ulioshindwa. Wakomanchi wanaua familia ya kaka yake na kumchukua binti mdogo, Debbie, naye anamtafuta kwa miaka. Kadiri safari inavyorefuka unagundua jambo la kutisha: huyu hamtafuti mtoto ili amwokoe tu, huenda anamtafuta amuue, kwa kuwa amekwisha kuwa Mkomanchi. Ni John Wayne yuleyule, mwendo uleule, bonde lilelile, na chuki imemjaa kifuani. Tazama anavyopiga risasi macho ya maiti. Tazama mlango wa mwanzo na mlango wa mwisho, na nani anabaki nje.

Sijaona picha ya kauboi inayonisumbua kuliko hii, kwa sababu inaijua chuki ya Ethan na bado ina tatizo lilelile inalolishtaki. Chifu wa Kikomanchi ameigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani, na watu wake wameigizwa na Wanavajo. Hata ardhi si Texas. Ukimaliza, soma habari za Cynthia Ann Parker. Alitekwa na Wakomanchi Texas mwaka 1836 akiwa mtoto, akaolewa kwao, akazaa. Wazungu "walipomwokoa" mwaka 1860 hakutaka kukaa. Alijaribu kutoroka arudi kwa watu wake. Mwanawe Quanah Parker alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa Wakomanchi. Linganisha maisha hayo na namna picha inavyomfunga Debbie, kisha rudi kwenye yale maswali mawili ya daftari.

Hatua ya tano: ubishi juu ya sheria

High Noon ya Fred Zinnemann (1952) ina dakika 85, na hadithi yake inakwenda karibu sawasawa na saa ya ukutani. Mkuu wa usalama wa mji, ameigizwa na Gary Cooper, amepata habari kwamba jambazi aliyemfunga anarudi na treni ya saa sita mchana. Anapita kanisani, baa, nyumba za marafiki, akiomba msaada. Kila mtu ana sababu yake ya kubaki ndani. Mwandishi wake, Carl Foreman, aliitwa na kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti huku picha ikiwa inatengenezwa, akaona mwenyewe jinsi wenzake wa kazi walivyomkwepa. Ukilijua hilo, kila mlango unaofungwa kwenye picha unauma zaidi.

Howard Hawks hakuipenda. Alisema mlinzi wa sheria anayejua kazi hazunguki mji kuomba msaada wa raia. Jibu lake ni Rio Bravo (1959), ambamo sherifu anaukataa msaada wa wasio na ujuzi na kubaki na mlevi, mzee kilema na kijana. Moyoni mwangu niko na Zinnemann, kwa kuwa anathubutu kumlaumu raia. Ila Rio Bravo ni raha kuitazama. Wewe amua, na uandike kwa nini.

Hatua ya sita: pita Japani, ndipo uende Italia

Akira Kurosawa alimpenda John Ford, na upendo huo unaonekana katika Yojimbo (1961): mtu wa upanga asiye na bwana anaingia katika mji wenye magenge mawili na kuyauzia huduma yote mawili. Mwaka 1964 Sergio Leone aliigeuza hadithi hiyo kuwa A Fistful of Dollars bila ruhusa, kesi ikafuata, na upande wa Leone ukalazimika kulipa. Zitazame usiku mmoja na mwingine zikifuatana, uone tukio kwa tukio upanga unavyogeuka bastola.

Jangwa unaloliona kwenye picha za Leone kwa sehemu kubwa lipo Hispania, mkoa wa Almería. Midomo ya waigizaji haitalingana na maneno. Nakala yako si mbovu. Waitaliano walirekodi sauti baadaye studio, kila mwigizaji akiwa amesema lugha yake mbele ya kamera. Sikiliza badala yake Ennio Morricone: mluzi, mjeledi, kengele, gitaa la umeme. Usishangae pia ukiona baruti za dainamaiti katika The Good, the Bad and the Ugly, inayotokea mwaka 1862, wakati Alfred Nobel alipata hataza ya dainamaiti mwaka 1867. Hapa ndipo mstari wako wa miaka unapoanza kukulipa.

Ya kumalizia hatua hii ni Once Upon a Time in the West (1968). Watu watatu wanasubiri treni stesheni, dakika nyingi, karibu bila neno: kinu cha upepo kinalia, tone linadondoka kwenye kofia, nzi anatambaa usoni. Vumilia. Leone anakufundisha kusubiri. Kisha anamleta Henry Fonda, uso wa mtu mwema kwa watazamaji wa Marekani wa miaka mingi, na kumfanya aue familia nzima pamoja na mtoto. Nyuma ya mauaji hayo yote mna kiwanja chenye maji ambacho reli haina budi kupita. Mwenye kukirithi ni mwanamke. Swali la ardhi halijawahi kuulizwa wazi hivi kwenye picha zilizotangulia.

Hatua ya saba: waliofutwa

Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bills kwa kumfuata Buffalo Bill, shujaa wa hadithi za kauboi, wakavaa na kutembea kama makauboi wa sinema. Picha walizokuwa wakizitazama zilikuwa zimewaficha kitu: wanahistoria wengi wanakadiria kwamba katika safari zile za kuswaga ng'ombe, kama kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Wengine wengi walikuwa Wamexico, ambao ndio waliowafundisha Wamarekani kazi yenyewe, kamba na tandiko. Kuanzia 1866 jeshi lilikuwa na vikosi vya wapanda farasi weusi. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, akawa askari wa serikali kuu mwaka 1875 katika eneo la Wenyeji ambalo leo ni Oklahoma, na alihudumu zaidi ya miaka thelathini. Mtu wa namna hii alikosa picha kwa vizazi, huku wezi wa treni wakipewa kumi kumi.

Anza na Buck and the Preacher (1972), aliyoiongoza Sidney Poitier na kuigiza pamoja na Harry Belafonte na Ruby Dee. Watu waliotoka utumwani wanahama kwenda magharibi kwa magari ya maturubai, na watu wa kukodiwa wanawafukuza ili warudi kufanya kazi mashambani. Historia iko nyuma yake: mwaka 1879 maelfu ya watu weusi walihama kusini kwenda Kansas. Kipande cha kukitazama mara mbili ni kikao cha Buck na Wenyeji, anapoomba njia ya kupita. Mweusi huyu amewahi kulitumikia jeshi lililopigana na watu anaowaomba. Poitier hakulikwepa jambo hilo, na ndiyo maana naiweka picha hii juu ya nyingi zenye jina kubwa zaidi.

Pacha wake ni The Harder They Fall (2021) ya Jeymes Samuel. Majina ni ya kweli: Nat Love, Bass Reeves, Mary Fields, Rufus Buck. Mambo wanayoyafanya si ya kweli. Rufus Buck halisi alinyongwa Fort Smith mwaka 1896 akiwa kijana mdogo; hapa ameigizwa na Idris Elba akiwa mtu mzima wa makamo. Mary Fields halisi alikuwa mama wa miaka kama sitini aliyebeba barua za posta Montana kuanzia 1895. Ipokee kama sherehe ya majina yaliyozikwa, ifurahie, na baadaye chagua jina moja ulisome.

Hatua ya nane: Unforgiven

Itunze hii mpaka hapa, maana bila zile za nyuma nusu yake itakupita. Clint Eastwood, aliyetengenezwa kuwa nyota na Leone, aliitoa mwaka 1992, ikapata Oscar nne, ikiwemo ya picha bora, na mwishoni ameitabarukia "Sergio na Don", yaani waongozaji Leone na Don Siegel. Muuaji wa zamani anafuga nguruwe, anashindwa hata kupanda farasi wake, na anarudi kazini kwa ajili ya fedha.

Fuatilia mambo matatu. Mwanamke anakatwa uso kwa kisu, na sherifu anaamuru fidia ya farasi. Angalia fidia hiyo analipwa nani. Angalia bango la kukabidhi silaha mjini, ukikumbuka Tombstone. Na mfuatilie mwandishi anayezunguka na watu wa bastola akiandika vijitabu, jinsi anavyombadilisha shujaa wake kila aliye na nguvu zaidi anapotokea. Huyo ndiye aliyeanza kazi ambayo Hollywood iliiendeleza.

Hatua ya tisa: jaribu njia hii nyumbani

The African Queen ya John Huston (1951) si ya makauboi, ni ya safari na hatari za zamani, lakini maswali yako yanaiingia vizuri. Inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, sehemu yake ilipigwa Uganda na Kongo, na ilimpa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Yeye na Katharine Hepburn wanashuka mto kwa boti chakavu wakitaka kuizamisha meli ya Kijerumani ziwani.

Fungua ukurasa mpya. Upande mmoja andika yaliyotokea kweli Ziwa Tanganyika: Waingereza walivyosafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, nchi kavu kupitia Kongo, walivyoikamata meli ya Kijerumani Kingani Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916, Wajerumani walivyoizamisha wenyewe Graf von Götzen mwaka huohuo, ambayo iliibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Upande wa pili andika picha inavyowaonyesha wanakijiji: wanaimba kanisani, kijiji kinachomwa, wanachukuliwa na jeshi, kisha hawaonekani tena mbele ya simulizi. Hesabu dakika walizopewa. Halafu, kama kuna mzee kwenu ambaye babu yake alibebeshwa mizigo katika vita vile, mpelekee maswali yale mawili na uandike majibu yake katika upande wa tatu.